Ahadi ni Deni, Ila kwa Mwenye Bomu

Wiki ile ndege za Marekani zilipoangusha mabomu Fordow, Juni 2025, nilikuwa kwa kibanda nikila chapo madondo. Televisheni iliyowekwa juu ya friji ya soda ilikuwa inaonyesha picha za setilaiti: mlima wa kahawia, matundu meusi, vumbi la kijivu limetapakaa kila mahali. Jamaa mmoja wa meza yetu, mtu mpole tu, akapangusa mikono akasema, "Lakini pia hawa Wairani. Si wangekubali tu kukaguliwa? Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Meza nzima ikaitikia. Hata mama aliyekuwa akigeuza chapo akasema huo ni ukweli.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na haraka, halafu swali lenyewe linasikika kama akili ya kawaida, na ni ngumu kubishana na akili ya kawaida ukiwa na madondo mdomoni. Nimejuta tangu siku hiyo. Jibu ambalo ningempa ni neno moja: walikubali.

Walikubali, wakakaguliwa, wakapita mtihani, halafu aliyetunga mtihani akachana karatasi. Hiyo sehemu ya stori haifikagi kwa kibanda. Inayofika ni moshi na matundu, na sisi tunajaza yaliyobaki kwa kudhani kwamba mtu akipigwa, lazima kuna kitu alifanya.

Tuanze na makubaliano yenyewe, maana wengi wanayataja bila kuyajua. Tarehe 14 Julai 2015, mjini Vienna, baada ya karibu miezi 20 ya mazungumzo, Iran ilikubaliana na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi, China na Umoja wa Ulaya. Iran ingerutubisha urani isizidi asilimia 3.67, kiwango cha kuendeshea kinu cha umeme. Bomu huhitaji karibu asilimia 90. Akiba yake isingezidi kilo 300 kwa miaka 15. Mashine za kurutubisha zilizokuwa zimefungwa zingepunguzwa kutoka karibu 19,000 hadi takriban 6,000. Zaidi ya tani 11 za urani iliyorutubishwa zilipakiwa melini Desemba 2015 zikapelekwa Urusi. Kiini cha kinu cha Arak, ambacho kingeweza kutoa plutoniamu, kiling'olewa na kumiminiwa zege. Wakaguzi wa IAEA, yaani Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, wakaweka kamera zao na mihuri yao. Baraza la Usalama likapitisha yote hayo kwa kura 15 kwa sifuri, azimio nambari 2231. Iran nayo ingeondolewa vikwazo, iuze mafuta, na benki zake ziongee na benki za wengine.

Yukiya Amano, mkuu wa IAEA wakati huo, aliueleza ukaguzi huo kuwa mkali kuliko mwingine wowote duniani. Ripoti baada ya ripoti ilisema Iran inatimiza masharti. Serikali ya Donald Trump yenyewe ilithibitisha hivyo mara mbili mwaka 2017. Halafu tarehe 8 Mei 2018, Trump akajitoa na kurudisha vikwazo. Alilalamika kwamba masharti mengine yana tarehe ya mwisho, kwamba makombora hayakuguswa, kwamba Iran inafadhili wanamgambo. Hayo ni malalamiko ya mtu anayetaka mazungumzo zaidi, na angeweza kuyaomba akiwa bado mezani. Hakusema, kwa sababu hakuweza kusema, kwamba Iran imevuka mpaka wa urani uliowekwa Vienna.

Hapa Nairobi tunaijua hali hii vizuri. Umelipa kodi kila mwezi, risiti unazo kwa simu, halafu asubuhi moja mwenye nyumba anakuja na vijana kung'oa mlango. Majirani wanachungulia na kuulizana, "Kwani alikuwa na deni la miezi mingapi?" Hakuna anayemwuliza mwenye nyumba. Mlango uking'olewa, mpangaji ndiye anakuwa mshukiwa.

Mpangaji wetu alivumilia mwaka mzima. Iran iliendelea kufuata masharti hadi Mei 2019, ikingoja Ulaya itimize ahadi ya kutafuta njia ya biashara isiyopitia dola. Ulaya ikaunda chombo maalumu cha malipo kwa mbwembwe nyingi. Kilifanya muamala mmoja, kikafungwa 2023. Ndipo Iran ikaanza kuvuka mipaka hatua kwa hatua, na Aprili 2021 ikafika asilimia 60. Kufikia siku ya vita vya Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani ya kiwango hicho. Chini ya makubaliano ya Vienna ilikuwa na kilo ngapi za kiwango hicho? Sifuri. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Trump alijitoa ili kuizuia Iran kukaribia bomu, mpe hesabu hiyo tu. Usibishane naye.

Sasa weka tarehe mbili kando kwa kando. Mei 8, 2018, Rais wa Marekani anachana makubaliano na nchi isiyo na bomu, iliyofungua milango, iliyomwaga zege kwenye kinu chake. Juni 12, 2018, wiki tano tu baadaye, rais huyo huyo anatabasamu Singapore akishikana mkono na Kim Jong Un. Korea Kaskazini ilijiondoa kwenye mkataba wa nyuklia mwaka 2003, ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio 2006, ikalipua mengine baadaye, na imewafukuza wakaguzi tangu 2009. Huyo ndiye aliyetandikiwa zulia. Kama wewe ni kijana katika wizara ya ulinzi ya nchi yoyote ile ndogo, unasoma somo gani hapo?

Na si Korea peke yake. Libya ya Gaddafi ilitangaza Desemba 2003 kwamba inaacha mpango wake wa silaha, ikakabidhi vifaa, ikasifiwa. Mwaka 2011 ndege za NATO zikaipiga, na Gaddafi akauawa Oktoba mwaka huo. Alikuwa dikteta, sawa, lakini madikteta wenzake walikuwa wanatazama. Ukraine ilikubali mwaka 1994, Budapest, kuziondoa silaha za nyuklia zilizoachwa na Sovieti kwenye ardhi yake, na Urusi, Marekani na Uingereza zikatia sahihi kwamba zitaheshimu mipaka yake. Urusi ikachukua Crimea 2014 na kuivamia nchi yote 2022. India ilikataa kabisa kutia sahihi mkataba wa nyuklia, ikalipua mabomu yake 1998, ikawekewa vikwazo kidogo, halafu 2008 Marekani ikaipa ushirikiano wa nyuklia wa kiraia na dunia ikaifungulia mlango wa kununua urani. Israel haijawahi kutia sahihi, haikaguliwi pale Dimona ambapo silaha zake zinaaminika zilitengenezwa, haithibitishi wala kukanusha kwamba inazo, na wachunguzi wa silaha wanakadiria ina vichwa vya nyuklia kama 90. Hiyo ndiyo nchi iliyoanza kuipiga Iran tarehe 13 Juni 2025 kwa sababu, ati, Iran huenda ikapata bomu.

Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Wazee hao hao walisema ahadi ni deni. Diplomasia ya nyuklia imeshika methali ya kwanza na kuitupa ya pili, halafu inashangaa wanyonge wakitafuta nguvu.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba Iran si malaika. Nakubali kabla hujamaliza kusema. Kiwanda cha Natanz kilijulikana 2002 kwa sababu wapinzani wa serikali walikifichua, na Fordow ikatangazwa hadharani 2009 baada ya majasusi wa Magharibi kuigundua ndani ya mlima. IAEA ilihitimisha Desemba 2015 kwamba kabla ya mwisho wa 2003 Iran ilikuwa na kazi iliyopangwa kuhusu utengenezaji wa silaha za nyuklia. Serikali ya Tehran inanyonga watu. Mahsa Amini alikufa Septemba 2022 baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya kitambaa cha kichwa, na wasichana walioandamana kwa ajili yake wakapigwa risasi. Sisi tuliosimama barabarani Juni 2024 tukivuta moshi wa vitoa machozi hatuwezi kuwa mashabiki wa serikali kama hiyo. Kuna wasee mtandaoni wanaoigeuza Iran kuwa shujaa wa wanyonge kwa sababu tu inatukanana na Washington. Nao wamepotea vilevile.

Lakini hebu tufuate hoja hiyo hadi mwisho. Ni kwa sababu Iran iliwahi kuficha ndiyo unahitaji makubaliano yenye wakaguzi. Humwekei kamera mtu unayemwamini. Makubaliano ya Vienna hayakujengwa juu ya imani. Yalijengwa juu ya mihuri, kamera na mizani, vitu visivyojali kama mtu ni mwongo. Aliyeviondoa hawezi tena kusimama na kulia kwamba haoni ndani. Na wale wasichana wa Tehran? Vikwazo havikumwangusha hata ayatola mmoja. Viliangusha sarafu na mishahara, na dawa, ambazo kwa karatasi ziliruhusiwa, zikawa ngumu kuagiza kwa sababu benki za nje ziliogopa kugusa pesa yoyote ya Iran. Mabomu ya Juni nayo yaliua zaidi ya watu 1,000, kwa hesabu ya serikali yenyewe, na makombora ya Iran yakaua zaidi ya watu 20 Israel. Hakuna aliyekombolewa.

Sehemu inayonichoma zaidi ni ile ya Muscat. Oman ndiyo imekuwa mshenga wa ugomvi huu kwa miaka. Mazungumzo ya siri kati ya Wamarekani na Wairani yalianzia huko enzi za Sultan Qaboos, kabla ya Vienna. Aprili 2025 mshenga akaitwa tena. Abbas Araghchi, waziri wa mambo ya nje wa Iran, na Steve Witkoff, mjumbe wa Trump, wakaanza kukutana, duru moja baada ya nyingine, hadi tano. Mji wa Muscat una watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani, koo zilizorudi kutoka Unguja na mwambao wetu, kwa hivyo pengine wako waliofuata habari hizo kwa lugha hii hii unayoisoma. Wao hawahitaji kufundishwa kazi ya mshenga. Anabeba maneno ya pande mbili, na maadam bado yuko njiani, hakuna anayerusha jiwe.

Duru ya sita ilipangiwa Juni 15, hapo hapo Muscat. Tarehe 12 bodi ya IAEA ilipiga kura kwamba Iran imekiuka wajibu wake: 19 waliunga mkono, 3 wakapinga, 11 wakajizuia. Tarehe 13 Israel ikashambulia. Tarehe 22 Marekani, mhusika mwenyewe wa posa, ikaangusha mabomu yake makubwa kuliko yote yasiyo ya nyuklia juu ya mlima wa Fordow. Na Israel ilianza siku mbili kabla ya kikao! Mshenga wa Oman alikuwa bado na kahawa jikoni.

Wanasema Iran ilikuwa inapoteza muda. Inawezekana. Wapo watu wanaopoteza muda kwenye kila mazungumzo. Lakini sasa angalia faida ya haraka ile. Siku chache baada ya mabomu, bunge la Iran lilisimamisha ushirikiano na wakaguzi. Zile kilo 400 na zaidi ambazo IAEA ilikuwa inazihesabu zikawa hazina macho yanayoziangalia. Septemba, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zikarudisha vikwazo vya Umoja wa Mataifa kwa kutumia kifungu cha makubaliano ya 2015, makubaliano yale yale ambayo mshirika wao aliyachana na wao wakashindwa kuyaokoa. Yaani mkataba ulikuwa umekufa ulipotakiwa kumlipa mnyonge, ukafufuka ulipotakiwa kumwadhibu.

Utaniuliza, na hii yetu iko wapi? Tuna shida zetu: unga, ajira, polisi. Ni kweli. Lakini mwaka 2012 serikali yetu ilitangaza kwamba itanunua mafuta ghafi ya Iran. Ndani ya siku chache mpango ukafutwa, kwa sababu ya vikwazo. Iran imekuwa mteja wa chai yetu kwa miaka mingi, na kila benki ikiogopa pesa yake, mkulima wa Kericho anaihisi hata kama hajui jina la Natanz. Mafuta tunayochoma kwenye matatu na bodaboda yanatoka Ghuba. Karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani hupitia Mlango wa Hormuz, na Iran imekaa pwani yake ya kaskazini. Wakirushiana makombora huko, nauli inapanda hapa, na hakuna mtu anayekuja kwa stage kutuomba msamaha.

Afrika pia iko ndani ya stori hii tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hawakuambiwa wanachimba nini. Bomu la kwanza la Ufaransa lililipuliwa Reggane, Algeria, Februari 1960. Na mwaka 2003, Marekani ilipotaka kuivamia Iraq, jina lililotumika lilikuwa la Niger: ati Saddam alikuwa anatafuta urani huko. Mohamed ElBaradei, Mmisri aliyekuwa mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama wazi kwamba hati hizo si za kweli. Vita vikapigwa hata hivyo, na silaha za maangamizi hazikupatikana. Kwa hivyo Mwafrika anayesema "kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" amesahau kwamba Iraq haikuwa na cha kuficha.

Tena sisi wenyewe tumo foleni. Kenya inataka kujenga kinu cha umeme wa nyuklia. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukikataa, macho yakaelekezwa Siaya. Uwe unakitaka au hukitaki, siku kikijengwa tutatia sahihi makaratasi, tutawafungulia wakaguzi, na tutategemea kwamba waliotia sahihi upande wa pili watafanya walichosema. Siku hiyo swali la Iran litakuwa swali letu.

Simwambii mtu yeyote atafute bomu. Afrika ilishajibu suala hilo kwa heshima. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita ikayabomoa yenyewe, na 1996 nchi za bara hili zikatia sahihi Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, kwamba huku hakutakuwa na silaha hizo. Ndiyo maana tuna haki ya kuongea kwa sauti, na ndiyo maana ukimya wetu unaniudhi.

Mkataba wa dunia wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, wa 1968, ulikuwa biashara ya pande mbili. Wasio na bomu wasilitafute, na wenye nalo wajadiliane kwa nia njema kuliondoa. Upande wetu tumelipa. Upande wao, baada ya zaidi ya nusu karne, dunia bado ina vichwa vya nyuklia kama 12,000, karibu tisa kati ya kila kumi vikiwa vya Marekani na Urusi. Mwaka 1995, ili nchi zisizo na bomu zikubali mkataba huo udumu bila kikomo, kulipitishwa azimio la kuifanya Mashariki ya Kati eneo lisilo na silaha za nyuklia. Nchi zote za huko, Israel ikiwemo. Tulikubali. Hilo eneo liko wapi?

Wajumbe wetu waliokaa Vienna na New York wasiinue mikono tena kuilaumu nchi moja kwa asilimia za urani bila kuuliza, kwenye kikao hicho hicho, habari ya Dimona, habari ya azimio la 1995, na habari ya adhabu ya anayechana makubaliano yaliyopitishwa na Baraza la Usalama. Anayevunja mkataba akiwa mnyonge analipa kwa vikwazo. Anayeuvunja akiwa na kura ya turufu anapaswa kulipa nini? Hadi sasa hakuna hata aliyeandika kifungu.

Nikimpata tena yule jamaa wa kibanda, nitamlipia chapo mbili na kumwambia hivi: walikubali kukaguliwa, ndugu yangu. Kamera zilikuwa ukutani. Sasa wewe nieleze, baada ya yaliyowapata, utamshawishi vipi mwingine akubali?